Nani Anakutibu, na Nani Atalipa? Mambo ya Kuuliza Kabla ya Kulazwa Hospitalini



Katika toleo hili tumeonelea vema kuzungumza juu ya maswali mawili ambayo watu hutuuliza kila mara, kwenye jumuiya ndogo ndogo, kwenye mikutano ya mwethya, na hata nje ya kanisa baada ya ibada. Swali la kwanza: "Huyu anayenitibu ni daktari kweli?" Swali la pili: "Kadi yangu ya bima itafanya kazi hapa, au nitaambiwa nilipe?"

Wengi wetu huyaona haya kuwa mambo mawili mbalimbali. La kwanza tunaliona ni la wasomi, la pili ni la pesa. Lakini ukweli ni kwamba yamefungwa pamoja kama kuni kwenye mzigo mmoja. Bima ya serikali hailipi mtu yeyote tu. Inalipa kituo chenye leseni, chenye mkataba na bima, kwa kazi iliyofanywa na mtu mwenye ruhusa ya kuifanya. Kamba ikikatika mahali pamoja, mzigo wote humwangukia mgonjwa na watu wake. Hapo ndipo mbuzi wanauzwa, shamba linawekwa rehani, na harambee inaitishwa kwa bili ambayo pengine ilikuwa ilipwe na bima.

Basi tufuatane pole pole.

SIYO KILA MWENYE KOTI JEUPE NI DAKTARI

Huku kwetu kila mtu anayetoa dawa huitwa "ndakitali". Anayepima malaria ni ndakitali, anayedunga sindano ni ndakitali, hata mwenye duka la dawa pale sokoni ni ndakitali. Ni heshima, na si vibaya kumheshimu mtu. Lakini tunapoulizia matibabu makubwa, ni lazima tujue nani ni nani, kwa sababu kila mmoja ana kazi aliyosomea na ana baraza linalomsimamia.

Daktari ni mtu aliyesoma udaktari chuo kikuu, kwa kawaida miaka sita. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha madaktari mwaka 1967, na siku hizi viko vyuo vingine kadhaa. Akimaliza masomo, daktari hufanya kazi mwaka mmoja hospitalini chini ya uangalizi wa wakubwa wake. Hawa ndio madaktari wa mafunzo, wale ambao habari zao zilijaa redioni wakati wa mgomo wa Machi hadi Mei 2024. Aliyesomea nchi za nje hufanyiwa mtihani hapa Kenya kabla ya kuanza mwaka huo. Baada ya hayo yote ndipo anapopata usajili kamili.

Daktari bingwa ni daktari aliyerudi chuoni kwa miaka mingine kusomea jambo moja: magonjwa ya ndani ya watu wazima (kama kisukari, presha, moyo na figo), magonjwa ya watoto, ya akina mama, upasuaji, na kadhalika. Huwezi kuwa bingwa bila kuwa daktari kwanza. Ukiona kibao kinasema "bingwa wa magonjwa yote", simama ufikiri. Bingwa hujulikana kwa jambo lake moja.

Madaktari wote hawa, pamoja na wa meno, husimamiwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, linalojulikana kwa herufi KMPDC. Sheria yake ni ya mwaka 1977. Zamani liliitwa Bodi, likawa Baraza mwaka 2019.

Afisa wa kliniki husomea stashahada, kwa kawaida miaka mitatu, kisha naye hufanya mwaka wa mafunzo hospitalini. Wengi wa watoto wetu wamesomea kazi hii katika vyuo vya KMTC. Afisa wa kliniki anatibu, anaandika dawa, na wengine wamesomea zaidi mambo maalumu kama macho au dawa za usingizi. Tusimdharau hata kidogo. Katika vituo vingi vya mashambani ndiye anayetushikilia. Ana baraza lake, na sheria yake mpya ni ya mwaka 2017.

Muuguzi ana Baraza la Wauguzi. Mtaalamu wa maabara ana bodi yake. Mwenye duka la dawa yuko chini ya Bodi ya Famasia na Sumu. Mhamasishaji wa afya ya jamii, yule anayetembelea boma zetu na mkoba wake, alifunzwa kazi ya kijijini: kupima presha, kuangalia uzito wa mtoto, kuelekeza mgonjwa hospitalini. Serikali ilizindua zaidi ya wahamasishaji 100,000 nchi nzima mnamo Septemba 2023. Huyu ni jirani na msaidizi, wala yeye mwenyewe hasemi kwamba ni daktari.

Na mundu mue je? Mtu ana uhuru wa kwenda anakotaka. Sisi tunasema hivi tu: hana leseni ya Baraza la Madaktari, na bima ya serikali haimlipi.

KUSAJILIWA NI KITU KIMOJA, LESENI NI KINGINE

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, kwa hiyo tulieleze vizuri.

Usajili ni kama cheti cha ubatizo. Unaupata mara moja na jina lako linaandikwa kitabuni. Leseni ni kama ile ya biashara pale sokoni, maana inakwisha, na ni lazima ilipiwe tena. Leseni ya daktari ni ya mwaka mmoja na huisha tarehe 31 Desemba. Ili apewe mpya, daktari hutakiwa pia kuonyesha kwamba ameendelea kujifunza, maana dawa hubadilika na elimu haina mwisho.

Kwa hiyo mtu anaweza kuwa daktari halisi, mwenye digrii halisi ukutani, lakini leseni yake ikawa imekwisha au imesimamishwa kwa kosa. Siku hiyo hana ruhusa ya kutibu. Vile vile kuna yule ambaye hakusoma kabisa. Mwaka 2015 nchi nzima ilishtushwa na habari za mtu wa Githurai aliyekuwa akiendesha kliniki huku hakusajiliwa kama daktari. Wagonjwa walikuwa wakimwendea kwa sababu kulikuwa na kibao, koti na kitanda. Hakuna aliyeuliza.

Unajuaje basi? Njia ziko tatu.

Kwanza, tazama ukutani. Kituo halali huweka leseni yake mahali pa wazi, mara nyingi karibu na mapokezi. Usitazame fremu tu, soma maandishi. Angalia jina la kituo, angalia ngazi yake, angalia mwaka. Kama leseni ni ya mwaka juzi, uliza.

Pili, tumia simu. Baraza la Madaktari lina tovuti yenye orodha ya madaktari na vituo, na mtu yeyote anaweza kutafuta jina. Maafisa wa kliniki na wauguzi pia wanazo orodha zao. Kama huna simu ya intaneti, mwambie mjukuu wako aliye sekondari, au mhamasishaji wa afya wa kijiji chako. Ni kazi ya dakika chache.

Tatu, uliza kwa mdomo, kwa adabu. "Daktari, samahani, naomba kujua jina lako na kazi uliyosomea." Watu wetu huona haya kuuliza hivyo. Wanasema, "Nikimuuliza atakasirika, na mgonjwa wangu yuko mikononi mwake." Tunawaelewa. Lakini daktari wa kweli aliteseka miaka mingi kupata jina hilo, hawezi kuona aibu kulitaja. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mteja haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu huduma anayopewa. Hata Maandiko, yanapomtaja Luka, yanamtaja kwa jina na kwa kazi yake ya uganga.

KITUO NACHO KINA LESENI NA NGAZI

Siyo daktari peke yake anayehitaji ruhusa. Jengo lenyewe hukaguliwa na kupewa leseni, na hupangwa katika ngazi. Ngazi ya 1 ni kijijini, kazi ya wahamasishaji. Ngazi ya 2 ni zahanati. Ngazi ya 3 ni kituo cha afya. Ngazi ya 4 ni hospitali ya kaunti ndogo au hospitali nyingine ya kiasi hicho. Ngazi ya 5 ni hospitali kubwa ya rufaa ya kaunti. Ngazi ya 6 ni zile za taifa kama Kenyatta na ile ya Moi kule Eldoret.

Ngazi inaonyesha kituo kinaruhusiwa kufanya kazi gani, na bima italipa kiasi gani. Zahanati haiwezi kukufanyia upasuaji mkubwa halafu ipeleke bili kwa bima. Hata kama aliyekushona ni bingwa kutoka Nairobi, mahali hapaendani na kazi.

Msidhani ngazi ni maandishi tu yasiyobadilika. Mwaka 2025 Baraza la Madaktari lilitangaza kufungwa kwa vituo zaidi ya 700 nchini na kushushwa ngazi kwa vingine mamia, baada ya ukaguzi. Mtu aliyezoea kujifungulia mahali fulani angeweza kurudi mwaka uliofuata na kukuta mahali hapo hapana tena ruhusa ya kulaza. Ndiyo maana tunasema, usitegemee habari za mwaka jana.

BIMA YA SERIKALI: TUMETOKA WAPI

Wazee wanakumbuka NHIF. Ilianzishwa mwaka 1966 kwa ajili ya wafanyakazi wa mshahara. Kuanzia mwaka 1972 watu wasio na ajira waliruhusiwa kujiunga kwa hiari yao. Mwaka 1998 sheria mpya iliifanya shirika la kujitegemea. Mwaka 2015 mchango wa mtu asiye na ajira ulipandishwa kutoka Sh 160 hadi Sh 500 kwa mwezi, na wengi huku mashambani wakaanguka njiani.

Kaunti zetu nazo zilijaribu. Makueni ilianzisha MakueniCare mwaka 2016, wakati gavana alipokuwa Prof. Kivutha Kibwana, na familia ililipa Sh 500 kwa mwaka. Kitui ilifuata mwaka 2018 wakati wa gavana Charity Ngilu, kwa kadi ya Sh 1,000 kwa familia kwa mwaka. Zilikuwa msaada mkubwa, na zilitufundisha jambo moja ambalo bado lina maana: kadi ina mipaka yake. Kadi za kaunti zilikuwa za hospitali za umma za kaunti ile. Mtu wa Kitui aliyevuka mto na kadi yake ya Kitui, au aliyepelekwa usiku hospitali ya misheni, aliona kwamba kadi ile haikumfaa. Hakudanganywa na mtu. Hakuuliza tu mapema kadi inafanya kazi wapi.

Mnamo Oktoba 2023 sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilitiwa sahihi. Kulikuwa na kesi mahakamani, na mwaka 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria zile zilikosea, lakini Mahakama ya Rufaa ikaruhusu kazi iendelee. Tarehe 1 Oktoba 2024, NHIF ikaondoka na Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ikachukua nafasi yake. Kumbuka: kuwa mwanachama wa NHIF zamani hakukutoshi leo. Ni lazima ujiandikishe SHA wewe na watu wa nyumba yako.

SHA INAVYOFANYA KAZI

SHA ina mifuko mitatu, na ni vizuri kujua tofauti zake.

Mfuko wa kwanza ni wa afya ya msingi. Huu unalipia matibabu ya kawaida ya kwenda na kurudi katika zahanati na vituo vya afya. Ukishajiandikisha tu, unatibiwa huko hata kama hujalipa mchango.

Mfuko wa pili ndio bima yenyewe. Huu unalipia kulazwa, kujifungua, upasuaji na huduma nyingine za hospitali. Ili uutumie, lazima mchango uwe umelipwa.

Mfuko wa tatu ni wa dharura na magonjwa ya muda mrefu na makubwa, unapoingia pale bima ya kawaida inapokwisha.

Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote. Kwa mfano, anayelipwa Sh 20,000 hukatwa Sh 550 kwa mwezi. Mkulima na mfanyabiashara mdogo huulizwa maswali juu ya nyumba yake, maji, mifugo na kadhalika, kisha anapangiwa kiasi chake. Kiasi cha chini kabisa ni Sh 300 kwa mwezi, na hutakiwa kulipa ya mwaka mzima, yaani Sh 3,600.

Hapa ndipo kilio kilipo. Mtu wa Kitui hapati pesa kila mwezi. Anapata akiuza ndengu, na mvua ikikosa hakuna ndengu. Kulipa Sh 3,600 mara moja ni kazi. Mwaka 2025 serikali ilileta mpango wa Lipa SHA Pole Pole ili mtu alipe kidogo kidogo, na mwezi Oktoba mwaka huo ilitangaza mpango wa kuwalipia watu milioni 2.2 wasiojiweza. Lakini sisi tunaamini mwethya wetu unaweza kufanya kitu pia. Kikundi kikiweka Sh 70 kwa wiki kwa kila nyumba, kwa mwaka nyumba moja inafikisha Sh 3,640. Hiyo inatosha mchango wa chini kabisa. Mbuzi mmoja mkubwa akiuzwa siku ya soko huleta zaidi ya hiyo, na ni afadhali kumuuza mmoja kabla ya ugonjwa kuliko kuwauza wanane baadaye.

Tuone hesabu. Katika viwango vya SHA vilivyotangazwa mfumo ulipoanza, kulazwa katika hospitali ya ngazi ya 4 kulipangiwa Sh 3,360 kwa siku. Mtu akilala siku tano, hiyo ni Sh 16,800. Kujifungua kwa kawaida kulipangiwa Sh 10,000, na kwa upasuaji Sh 30,000. Viwango hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo uliza vya sasa. Uliza pia kama hospitali hiyo ina nyongeza ambayo utadaiwa mwenyewe.

SASA TUUNGANISHE

Ili SHA ilipe, mambo manne yanapaswa kukutana. Wewe uwe umejiandikisha na umelipa. Kituo kiwe na leseni ya ngazi inayofaa. Kituo kiwe kimefanya mkataba na SHA. Na aliyekuhudumia awe mtaalamu mwenye leseni. Kwa upasuaji na huduma nyingine kubwa, hospitali huomba idhini ya SHA kwanza kupitia mtandao, na ombi hilo huwa na jina la daktari mwenye leseni nyuma yake.

Tuseme kuna mama ambaye uzazi wake una shida. Watu wa nyumbani wanampakia kwenye gari, wanampeleka kliniki ya binafsi iliyo karibu na barabara. Kadi yao imelipwa, na hapo mlangoni kuna picha ya SHA. Baada ya siku nne wanaambiwa bima imekataa. Kwa nini? Kliniki ile ina mkataba wa matibabu madogo tu, na ngazi yake hairuhusu upasuaji. Mume anasema, "Lakini mimi nililipa!" Kweli alilipa. Upande wake alitimiza, lakini kituo hakikutimiza cha kwake. Hasara anaipata nani? Yeye. Na hasara kubwa zaidi si ya pesa: mama yule alipasuliwa mahali ambapo hapakuwa na damu wala chumba kinachofaa. Masharti ya bima, ukiyatazama vizuri, yanalinda mwili wa mgonjwa pia.

Hospitali za misheni nazo ziko katika mambo haya. Mutomo na Muthale zimewahudumia watu wa Kitui kwa miongo mingi, na wengi wetu tulizaliwa huko. Lakini hata hospitali ya kanisa ni lazima iwe na leseni na mkataba kama nyingine, na hata kule mtu aulize. Tena tuwe wa haki: hospitali hutibu kwanza na kulipwa baadaye. Bima ikichelewa kulipa, hospitali hushindwa kununua dawa na kulipa wauguzi. Maaskofu wa Kenya wameisemea shida hii waziwazi, tangu madeni ya NHIF hadi ya SHA. Kwa hiyo hospitali ikikuambia "kwa sasa hatupokei kadi kwa huduma hii", isiwe matusi mara moja. Uliza ni tangu lini, na ni wapi pengine karibu wanapoipokea.

WIZI UNAOPITIA MIKONONI MWETU

Ni lazima tuliseme hili ingawa ni chungu. Mwezi Agosti 2025 Waziri wa Afya, Aden Duale, alitangaza kusimamishwa kwa vituo vingi kwa tuhuma za kuiibia SHA. Mambo yaliyotajwa yalikuwa kuandika kwamba mtu amelazwa kumbe alirudi nyumbani siku ile ile, kudai huduma ya bei kubwa kuliko iliyotolewa, na kudai malipo ya wagonjwa wasiokuwapo.

Sasa tujiulize, mgonjwa asiyekuwapo anapatikanaje? Mara nyingine ni sisi. Mtu anakuja kijijini na kusema kuna "kambi ya matibabu ya bure", leteni vitambulisho, wekeni kidole hapa. Mtu anapewa soda na dawa ya maumivu, anakwenda zake. Kwenye karatasi amelazwa siku tatu. Siku atakapougua kweli, kumbukumbu zake zinaonyesha ugonjwa ambao hakuwahi kuupata, na daktari anayezisoma anaweza kupotoshwa.

Kidole chako ni sahihi yako. Usikiweke kwenye mashine bila kujua kinathibitisha nini. Uliza, "Hapa imeandikwa nimefanyiwa nini?" Kama hujui kusoma, nenda na mtu unayemwamini.

KAMA KUNA DHARURA AU MABISHANO

Dharura haingoji maswali. Kama mtu ameumwa na nyoka, ameanguka kwa bodaboda, au mama anavuja damu, mpeleke kituo cha karibu kinachoweza kusaidia. Katiba, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Mwenye gari au bodaboda aende haraka, na mtu mwingine abaki akipiga simu kuuliza wapi mgonjwa atahamishiwa.

Juu ya kuzuiliwa hospitalini kwa sababu ya bili: mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua, katika kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa Pumwani baada ya kujifungua, kwamba kuwazuilia kwa deni kulivunja haki zao. Hii haimaanishi deni limefutika. Deni ni deni, na hospitali inaweza kulidai kwa njia ya sheria. Zungumzeni, andikianeni mpango wa kulipa, na mwombe nakala.

Ukiwa na malalamiko, anza na msimamizi wa hospitali. Isipotatuliwa, nenda ofisi ya afya ya kaunti. Kama ni juu ya bima, ofisi ya SHA. Kama ni juu ya daktari au kituo kutokuwa na leseni, Baraza la Madaktari. Weka risiti, karatasi ya kutoka hospitalini na tarehe. Malalamiko bila karatasi ni vigumu kuyafuatilia.

MASWALI YA KUKATA NA KUBANDIKA UKUTANI

Kabla ya kuugua:
1. Je, kila mtu wa nyumba hii ameandikishwa SHA? Piga *147# ujue.
2. Mchango wetu unaisha tarehe gani?
3. Hospitali gani ya karibu ina mkataba na SHA kwa kulaza, na gani kwa upasuaji?

Mnapofika hospitalini (kama si dharura):
4. Leseni ya kituo ni ya mwaka huu? Ngazi gani?
5. Atakayemtibu mgonjwa anaitwa nani, na amesomea nini?
6. Bima italipa huduma hii yote? Kama si yote, sisi tutalipa ngapi? Mtuandikie.
7. Kwa upasuaji: idhini ya SHA imeshapatikana?

Mnapotoka:
8. Tumepewa karatasi ya kueleza ugonjwa, dawa na siku tulizolala? Siku zilizoandikwa ni za kweli?

KWA MAJADILIANO YA JUMUIYA NA MWETHYA

Tunaomba viongozi wa vikundi wasome makala haya pamoja na watu wao, na kwa wasiosoma Kiswahili watafsiriwe kwa Kikamba. Kisha mzungumze: Katika kikundi chetu ni nyumba ngapi zimelipa? Ni mzee gani au mama gani mjane ambaye hajaandikishwa kwa sababu hana simu, na nani atakwenda kwake wiki hii? Je, tunaweza kuanza na Sh 70 kwa wiki?

Injili inatusimulia habari za mwanamke aliyetokwa damu miaka kumi na miwili, aliyewaendea waganga wengi na kutumia vyote alivyokuwa navyo, wala asipate nafuu. Wanawake wa namna hiyo bado tunao hapa Kanyangi. Wengine walimaliza mali kwa mtu asiyekuwa na ruhusa ya kuwagusa, na wengine walilipa bili ambayo bima ingeilipa. Kama kikundi chenu kina mmoja wa hawa, anzeni na yeye.

Vikundi vitakavyoanza kuweka akiba ya bima vituletee habari, tuziandike katika toleo lijalo ili wengine wajifunze.